Menelik wa Pili: Mfalme Aliyeukataa Mkataba

Mwanafunzi mpenzi, kabla hujarudi kwenye vitabu teule, soma wasifu huu kwa makini. Nimeuweka katika mwongozo huu kwa sababu mbili. Kwanza, wasifu ni mojawapo ya insha za kiuamilifu unazoweza kutahiniwa katika Karatasi ya 102/1, na watahiniwa wengi huuandika kama orodha ya tarehe isiyo na moyo. Pili, katika kazi teule utakutana na hati za kila aina: wosia, kandarasi, hatimiliki na ahadi za viongozi. Mtahiniwa anayejua kuuliza hati iliandikwa na nani, kwa lugha gani na kwa faida ya nani, hulijibu swali la maudhui kwa kina kuliko yule anayesimulia matukio tu.

Kwako wewe unayesoma Kakuma au Lodwar, ipo sababu ya tatu. Wengi wenu mmekuwa wakalimani tangu utotoni. Karatasi inaletwa nyumbani, mama hasomi Kiingereza wala Kiswahili, nawe ndiwe unayemweleza yaliyomo kwa Kiturkana, Kisomali, Kidinka, Kinuer au Kiamhari. Ukimaliza, anaweka kidole gumba. Siku hiyo umebeba mzigo mzito kuliko mtungi wa maji. Neno moja likipotea njiani, mama atakuwa amekubali asichokijua. Mtu tunayemsoma hapa alikuwa mfalme mwenye jeshi na hazina, na bado jambo hilohilo lilimpata.

1. Utoto na kifungo

Menelik alizaliwa mwaka 1844 huko Angolalla, katika ufalme wa Shewa, sehemu ya kati ya Ethiopia ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Uhabeshi. Alibatizwa Sahle Maryam. Babu yake, Sahle Selassie, alikuwa mfalme wa Shewa, na baba yake, Haile Melekot, alirithi kiti hicho.

Ethiopia ya wakati ule haikuwa nchi moja yenye serikali moja. Kila jimbo lilikuwa na mtawala wake, na aliyewashinda wenzake ndiye aliyeitwa mfalme wa wafalme. Mwaka 1855 cheo hicho kilichukuliwa na Tewodros wa Pili, naye akaivamia Shewa. Haile Melekot alifariki mwaka uo huo. Mtoto wake, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alichukuliwa mateka akapelekwa kwenye ngome ya Magdala, juu ya mlima.

Hakuwekwa katika pingu. Tewodros alimlea katika nyumba yake, akamfunza mambo ya utawala na vita, hata akamwoza binti yake. Lakini mateka ni mateka. Kwa miaka kumi kijana huyo aliishi mezani kwa mtu aliyeuteka ufalme wa baba yake. Huko alijifunza kunyamaza na kusubiri. Mwaka 1865 alitoroka Magdala, akamwacha mke wake nyuma, akarudi Shewa na kupokewa kama mfalme.

Zingatia: Katika insha ya wasifu, utoto hautajwi ili kujaza ukurasa. Chagua jambo la utotoni linaloeleza tabia ya ukubwani. Kwa Menelik, jambo hilo ni subira aliyofunzwa na kifungo.

2. Mkataba wa kwanza: kuinama bila kuvunjika

Tewodros alifariki Magdala mwaka 1868 alipovamiwa na jeshi la Uingereza. Menelik alitamani kuwa mfalme wa wafalme, lakini mtawala wa Tigray alimtangulia, akatawazwa mwaka 1872 kwa jina la Yohannes wa Nne. Wawili hao walitazamana kwa jicho la uadui kwa miaka kadhaa. Mwaka 1878 Yohannes aliikaribia Shewa na jeshi kubwa.

Menelik alipima nguvu zake, akaona vita vitamwangamiza. Akakubali makubaliano huko Liche: aliacha kujiita mfalme wa wafalme na akakubali kulipa kodi, naye akathibitishwa kuwa mfalme wa Shewa. Wapo waliomwona mwoga. Lakini alijua alichokipoteza na alichokihifadhi, na mkataba aliukubali kwa lugha anayoielewa. Kumbuka jambo hili, kwa maana mkataba wake mkubwa uliofuata haukuwa hivyo.

Katika miaka iliyofuata alipanua milki yake kuelekea kusini na mashariki. Mwaka 1883 alimwoa Taytu Betul, mwanamke mwenye elimu na msimamo, ambaye mwaka 1886 alianzisha makazi yaliyokuja kuwa mji wa Addis Ababa. Mwaka 1887 Menelik aliuteka mji wa Harar, kituo kikubwa cha biashara.

3. Wazungu wanagawana ramani

Wakati huo huko Ulaya mambo yalikuwa yanapangwa. Kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa ya Ulaya yalikutana Berlin na kukubaliana kanuni za kugawana Afrika. Hakuna mtawala wa Kiafrika aliyealikwa. Kanuni moja ilisema kwamba taifa likitwaa sehemu ya pwani ya Afrika au kuiweka chini ya himaya yake, sharti liyaarifu mataifa mengine. Kwa hiyo makaratasi yakawa na thamani ya ajabu. Mzungu aliyerudi kwao na mkataba wenye alama ya mtawala wa Kiafrika alikuwa na hoja ya kuwaonyesha wenzake, hata kama aliyetia alama hakuelewa maana yake. Hivyo ndivyo Carl Peters alivyozunguka Usagara na majirani zake mwaka 1884 akikusanya mikataba iliyoipa Ujerumani dai lake katika Tanganyika.

Italia ilifika ikiwa imechelewa. Iliushika mji wa bandari wa Massawa mwaka 1885 na kuanza kupanda nyanda za juu. Ilimpelekea Menelik mjumbe, Pietro Antonelli, ambaye alikaa Shewa miaka mingi na kuzoeleka. Kupitia kwake Menelik alipata bunduki.

Halafu mwaka 1889 Yohannes aliuawa vitani Metemma akipigana na Wamahdi wa Sudan. Kiti cha mfalme wa wafalme kilikuwa wazi. Menelik alihitaji kutambuliwa upesi, na alihitaji silaha. Nchi nayo ilikuwa taabani: ugonjwa wa sotoka ulikuwa unamaliza ng'ombe, na njaa kubwa ya 1888 hadi 1892 ilikuwa imeanza. Mtu mwenye haraka na shida ndiye anayeletewa karatasi ya kutia sahihi.

4. Kifungu cha 17

Tarehe 2 Mei 1889, huko Wuchale, Menelik na Antonelli walitia sahihi mkataba wa urafiki na biashara wenye vifungu 20. Uliandikwa kwa lugha mbili, Kiamhari na Kiitalia. Italia ilipata ardhi ya kaskazini ambayo baadaye iliita Eritrea. Menelik alitambuliwa kuwa mfalme wa wafalme, na njia ya kuingiza silaha ikafunguliwa. Baadaye mwaka huo binamu yake, Makonnen, alikwenda Italia, na makubaliano ya ziada yakampa Menelik mkopo wa lira milioni 4, dhamana yake ikiwa ushuru wa forodha wa Harar.

Tatizo lilikuwa katika kifungu cha 17. Kwa Kiamhari, kifungu kilimpa mfalme hiari: angeweza kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Kwa Kiitalia, kifungu kilisema kwamba mfalme amekubali kuitumia serikali hiyo katika mawasiliano hayo. Italia ilikisoma kama wajibu. Nchi isiyoweza kuzungumza na nyingine ila kupitia mdomo wa mwenzake si huru tena. Iko chini ya himaya. Italia ikayaarifu mataifa ya Ulaya hivyo, kwa kufuata kanuni ya Berlin, na wachoraji wa ramani wakaipaka Ethiopia rangi ya Italia.

Wewe mwanafunzi wa Kiswahili utambue kilichotendeka. Si shamba lililobadilishwa, wala jina la mtu. Ni kitenzi. Tazama tofauti kati ya anaweza kutumia na atatumia. Katika Karatasi ya 102/2 tofauti hiyo ni alama moja au mbili. Katika mkataba wa Wuchale ilikuwa uhuru wa nchi nzima.

Jambo jingine la kuumiza kichwa liko katika kifungu cha 19. Kilitamka kwamba matini zote mbili zinalingana na kwamba zote mbili ni rasmi. Kwa hiyo kila upande ungeweza kushika nakala yake na kudai kwamba sheria iko upande wake.

5. Jinsi alivyogundua

Menelik alitawazwa Novemba 1889 huko Entoto. Kama desturi ya wafalme, Desemba aliwaandikia watawala wa Ulaya, akiwemo Malkia Victoria wa Uingereza, kuwaarifu. Majibu yalifika mwaka 1890. Yalikuwa ya heshima, lakini yalimweleza kwamba mambo yake yangepitia Italia. Mfalme aliyekuwa ametawazwa juzi aliambiwa na wageni kwamba yuko chini ya mlezi.

Hapa ndipo uanze kumpima kama kiongozi. Angeweza kukasirika na kupigana siku hiyohiyo, na pengine angeshindwa, maana nchi ilikuwa na njaa. Angeweza kunyamaza, na Ethiopia ingekwenda njia ya majirani. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliilinganisha nakala ya Kiamhari na ile ya Kiitalia, kisha akamwandikia Mfalme Umberto wa Italia akilalamika kwamba maneno hayalingani, na akataka kosa lisahihishwe mbele ya mataifa yaliyoarifiwa. Antonelli alirudi kujadiliana, lakini hawakuafikiana. Taytu alikuwa miongoni mwa waliosimama imara kabisa dhidi ya matakwa ya Italia.

Aprili 1891 Menelik aliyaandikia mataifa ya Ulaya waraka akieleza mwenyewe mipaka ya nchi yake. Mwaka 1893 alitangaza kwamba anaukana mkataba wa Wuchale, na akaulipa ule mkopo ili asije akaambiwa kwamba anakula cha mtu huku akimkana. Wakati huohuo aliendelea kununua bunduki kutoka Ufaransa na kwingineko. Kati ya kutia sahihi na vita ilipita miaka sita, na hakuna mwaka aliokaa bure.

6. Adwa

Septemba 1895 Menelik aliwaita watu wake wote vitani. Walikuja kutoka majimbo mengi, hata yale yaliyokuwa na ugomvi naye. Desemba waliwashinda Waitalia Amba Alagi. Januari 1896 waliizingira ngome ya Mekelle, na inasimuliwa kwamba Taytu ndiye aliyeshauri ngome ikatiwe maji mpaka ikasalimu amri.

Tarehe 1 Machi 1896, karibu na mji wa Adwa, jeshi la Jenerali Oreste Baratieri lilivunjwa kwa siku moja. Maelfu waliuawa pande zote mbili, na maelfu ya Waitalia na askari wao wakatekwa. Huko Roma serikali ya waziri mkuu Francesco Crispi ilianguka.

Vita hivyo vilikuwa na ukatili wake. Waitalia waliotekwa walitunzwa na hatimaye kurudishwa kwao, lakini askari wengi Waafrika waliotoka Eritrea na kupigania Italia walikatwa mkono na mguu kama wasaliti. Mwandishi mzuri wa wasifu haifichi aibu ya anayemsifu.

Tarehe 26 Oktoba 1896 mkataba mpya ulitiwa sahihi Addis Ababa. Ulifuta ule wa Wuchale, na Italia ikatambua kwamba Ethiopia ni huru kabisa bila masharti. Kilichoharibiwa kwa karatasi kilitengenezwa kwa karatasi, ila gharama ya kutoka karatasi ya kwanza hadi ya pili ilikuwa damu ya watu. Eritrea ilibaki mikononi mwa Italia.

7. Menelik na nchi yetu ya Turkana

Usije ukamfanya Menelik malaika. Katika ule waraka wa 1891 alidai kwamba atairudisha mipaka ya kale ya Ethiopia hadi Khartoum na hadi ziwa tunaloliita Victoria. Watu wa huko hawakuulizwa. Majeshi yake yaliwashinda Wawolayta mwaka 1894 na Wakaffa mwaka 1897, na watu wengi waliuawa, wakanyang'anywa ardhi au wakafanywa watumwa. Mwaka 1898 mojawapo ya majeshi yake, likiongozwa na Wolde Giyorgis, lilishuka hadi Mto Omo unapoingia katika ziwa letu.

Ziwa lenyewe lilikuwa limekwisha kupewa jina la Rudolf mwaka 1888 na msafiri Teleki, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Jina la Turkana lilirasimishwa mwaka 1975.

Tarehe 6 Desemba 1907 Menelik na Uingereza walitia sahihi mkataba wa mpaka kati ya Ethiopia na makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki na Uganda. Mstari uliopita kutoka upande wa Mto Dawa hadi kwenye Ziwa Turkana na kuendelea magharibi ndio chanzo cha mpaka wa Kenya na Ethiopia wa leo. Waturkana, Wadassanech, Waborana na Wagabra waliolisha mifugo pande zote mbili za mstari huo hawakuketi mezani. Mtu aliyekataa kuandikiwa hatima yake kwa lugha ya wengine alishiriki kuwaandikia wengine hatima yao. Ukiulizwa umtathmini Menelik, usiiache hoja hii. Ndiyo inayoonyesha kwamba umefikiri.

8. Miaka ya mwisho

Baada ya Adwa mataifa ya Ulaya yalituma mabalozi Addis Ababa. Menelik alianzisha simu, benki na shule ya kisasa, na reli kutoka Djibouti ilifika Dire Dawa mwaka 1902. Hata hivyo, makaratasi hayakumwacha. Desemba 1906 Uingereza, Ufaransa na Italia ziliafikiana zenyewe kuhusu maslahi yao ndani ya Ethiopia. Menelik alipoletewa habari aliwashukuru kwa kumjulisha, lakini akaeleza wazi kwamba makubaliano yao hayapunguzi mamlaka yake. Alikuwa amehitimu somo la Wuchale.

Kufikia hapo afya yake ilikuwa imedhoofika. Alipooza, na Taytu akaendesha mambo mengi kwa muda. Mwaka 1909 mjukuu wake, Iyasu, alitangazwa kuwa mrithi. Menelik alifariki Desemba 1913, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

9. Funzo

Katika kusahihisha nimeona majibu mengi yanayosema kwamba Menelik alifaulu kwa sababu ya bunduki. Hoja hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Watawala wengine wa Afrika walikuwa na bunduki pia. Menelik aliongeza mambo matatu: alilinganisha nakala mbili, akapinga kwa maandishi mbele ya mashahidi, na akalipa deni kabla ya kuvunja uhusiano. Kosa lake lilikuwa kutia sahihi akiwa na haraka, bila kuhakikisha kwamba maneno ya Kiitalia yamepimwa sawasawa.

Mjini Addis Ababa, mji aliouanzisha Taytu, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mwaka 1969 mkataba unaohusu wakimbizi barani. Ulipanua maana ya mkimbizi, ukawajumuisha wanaokimbia uvamizi kutoka nje na machafuko makubwa katika nchi zao. Wengi wenu mnaosoma katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa 1992, mnaishi chini ya maneno ya karatasi hiyo. Utafute uusome kifungu kwa kifungu. Na utakapoitwa tena nyumbani kumsomea mama karatasi, soma yote, hata maandishi madogo ya chini. Usipolielewa neno, mwambie mama kwamba hulielewi, na karatasi ingoje mpaka apatikane wa kulieleza. Kungoja si aibu. Mama akishaweka kidole, kukifuta ni kazi ya miaka.

Maswali ya marudio

(a) Eleza jinsi utoto wa Menelik ulivyochangia tabia yake kama kiongozi. (alama 4)

(b) Fafanua tofauti ya kisarufi kati ya sentensi hizi mbili na uihusishe na kifungu cha 17: Mfalme anaweza kutumia mjumbe. Mfalme atatumia mjumbe. (alama 4)

(c) Menelik alikuwa mhanga wa mkataba na pia mwandishi wa mkataba uliowadhulumu wengine. Jadili. (alama 8)

(d) Taja sifa nne za sajili ya sheria zinazojitokeza katika mikataba. (alama 4)

(e) Chagua mhusika mmoja katika tamthilia au riwaya teule ambaye maisha yake yalibadilishwa na hati au ahadi. Mlinganishe na Menelik. (alama 10)

(f) Andika wasifu wa mtu mashuhuri wa jamii yako aliyeaga dunia. Usitumie maneno yake ya moja kwa moja; acha matendo yake yamweleze. (alama 20)